Mjukuu wangu haitwi Tabitha

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria, kwa Waheshimiwa Wabunge, na kwenu wakuu mnaosimamia usajili wa vizazi na vitambulisho,

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, kila mtu achukue inayomhusu. Mlionizidi umri, shikamooni. Wengine, marahaba.

Naitwa Tabu. Nimezaliwa Pangani mwaka 1959. Mama yangu, Mungu amrehemu, alishikwa na uchungu Ijumaa magharibi akajifungua Jumatatu alfajiri, na mkunga aliyenipokea baada ya siku zote hizo alikaa chini akasema, "Tabu gani hii!" Jina likawa limepatikana. Siku ya saba nikanyolewa, mbuzi akachinjwa, watu wakala pilau wakaenda zao. Kwa jina hilo nimefundisha shule za msingi kuanzia 1981 hadi nilipostaafu 2019, nimeolewa, nimezaa watoto wanne, na sijaona tabu hata moja iliyonifika kwa sababu naitwa Tabu. Zilizonifika zilikuwa na sababu zake.

Nawaandikia kwa ajili ya mjukuu.

Binti yangu wa mwisho alijifungua mtoto wa kike, na yeye na mumewe wakakubaliana mtoto awe somo yangu, yaani apewe jina langu. Watu wa pwani mnajua uzito wake. Mimi namwita somo, yeye akikua ataniita somo, nitamtania atanitania, na siku nikiondoka jina halitoki nyumbani. Nililia, sioni haya kusema.

Wakaenda kuandikisha. Ofisi siitaji, maana sitaki mtu apoteze kazi kwa ajili yangu, na kwa ninayoyasikia kwa wastaafu wenzangu haikuwa ofisi hiyo peke yake. Karani alikuwa kijana mpole tu. Alipoona kwenye tangazo la kizazi limeandikwa Tabu, aliinua macho akamtazama mkwe wangu, akamtazama binti yangu, akamtazama na mtoto aliyelala mgongoni.

"Mama, hili jina mmelifikiria?"

Binti akamwambia ni la bibi yake.

"Sawa, bibi ni mtu wa zamani. Huyu atapanda basi la njano, kesho keshokutwa ataitwa kwenye usaili, aitwe Tabu? Majina yenye maana mbaya utaratibu hauruhusu. Mwandikeni hata Tabitha, linafanana. Nyumbani mtamwita mnavyotaka."

Binti yangu ana kichwa kigumu, hilo kalirithi. Akasema hapana, aandikwe Tabu. Kijana akasema haya. Akabonyeza kompyuta yake, wakapewa namba ya malipo, wakalipa, wakaambiwa warudi wiki ijayo. Cheti kilipotoka walikipitia harakaharaka: tarehe sawa, jina la baba sawa, muhuri upo. Wakaenda kwenye kibanda cha steshenari kukipiga laminesheni. Yule kijana wa kibandani ndiye aliyekisoma kwa sauti, akihofia kuchanganya cha huyu na cha yule: "Tabitha Bakari Saidi, ndiyo hiki?"

Hakikupigwa laminesheni. Walirudi dirishani wakaambiwa jina limeshaingia kwenye mfumo. Zamani mjadala ulifungwa kwa "bosi katoka". Siku hizi ni mfumo. Ili Tabitha atoke humo, twende kwa wakili tukaape kwamba mtoto wetu anaitwa jina tunalomwita tangu siku ya saba, tulipie kiapo, tulipie marekebisho, kisha tusubiri.

Tabitha ni jina zuri, sina ugomvi nalo. Ni la yule mwanamke wa Yafa katika Matendo ya Mitume aliyewashonea wajane nguo, ambaye Petro alimfufua, na maana yake ni paa, yule mnyama. Ila sisi ni Waislamu wa Pangani, na hatukuliomba.

Tuje kwenye neno "utaratibu". Miaka thelathini na minane kazini imenifundisha tofauti ya sheria na utaratibu. Sheria ina kifungu. Unakisoma, unabishana nacho, unamwendea mbunge. Utaratibu unakaa kichwani mwa aliyekalia kiti, na akihamishwa anaondoka nao. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 6, inasema mtoto ana haki ya jina, ya uraia na ya kuwajua wazazi wake, na mtu asimnyime haki hiyo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto nao, kwa sadfa, umeliweka suala la jina kwenye ibara ya 6. Kote huko jina ni la mtoto, na mzigo wa kwenda kumwandikisha ni wa mzazi au mlezi. Karani hajaombwa maoni.

Na hiyo "maana mbaya", nani anaipima? Mwalimu Nyerere alipozaliwa Butiama mwaka 1922 alipewa jina la Mugendi, yaani mtembeaji. Haikupita muda, mganga akashauri jina libadilishwe, akawa Kambarage, jina la pepo wa mvua. Julius likaja kwa ubatizo mwaka 1943, yeye mwenyewe akiwa kijana mwenye ndevu. Na Nyerere ni jina la baba yake, aliyeitwa hivyo kwa kuwa mwaka aliozaliwa nchi ya Wazanaki ilivamiwa na viwavi. Viwavi! Ndilo jina tulilolipa uwanja wa ndege, bwawa la umeme la Rufiji na siku ya mapumziko kila tarehe 14 Oktoba. Hebu mfikirieni mzee Burito, babu yake Mwalimu, amesimama dirishani siku ile. "Mtoto anaitwa Nyerere." "Maana yake nini, mzee?" "Viwavi." "Aa, mzee, mwandike Nehemia, linafanana."

Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa Shinyanga. Msichana wa Pangani, Kisukuma sijui hata cha kusalimia, nchi ile nilifundishwa na rejesta ya mahudhurio. Mabula alizaliwa mvua ikinyesha. Nyanzala alizaliwa mwaka wa njaa. Kulwa na Doto walikaa dawati moja, na darasa la chini yao alikuwapo Shija, mdogo aliyewafuata, ambaye hata ukimkuta peke yake kituo cha mabasi unajua kwao kuna mapacha. Mwezi mmoja wa kuita majina ulinieleza mambo ya vijiji vile kuliko faili zote za mratibu elimu kata. Nikirudi pwani likizo ni yale yale kwa lugha nyingine: Chausiku, Masika, Pili, Mwanahamisi, Sikujua, Mashaka, Shida. Shangazi yangu mwenyewe aliitwa Sikitu. Kabla yake bibi yangu alikuwa amezika watatu. Wa nne akamwita "si kitu", ili kifo kikipita kione nyumba ile haina cha kuchukua. Shangazi Sikitu kaishi miaka themanini na ushee, kazika waume wawili. Nani angemwambia bibi yangu, siku ile, kwamba jina hilo lina maana mbaya?

Sasa niseme na la kwangu, maana barua ya kulaumu tu haina adabu. Mimi nami nimewahi kuwa karani yule.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimeshahamia wilaya moja ya Tanga, niliandikisha darasa la kwanza mtoto aitwaye Simjui. Baba yake alikuwa akimshuku mama, na watu walipomuuliza mtoto aitwe nani, alijibu kwa hasira, "Simjui." Wanaume wana ndimi. Jina likaganda. Siku ya kwanza nilipoliita darasani, watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Sikuuliza mtu. Nilimwambia, "Kuanzia leo wewe ni Juma," nikaliandika Juma kwenye rejesta yangu kwa penseli, na kwa miaka saba shule nzima ikamwita Juma. Nilijiona nimefanya jambo la Mungu.

Miaka mingi baadaye nilipasukiwa na tairi la baiskeli kwenye njia panda, nikaikokota mpaka kwenye mwembe uliokuwa na kibao cha bati chenye rangi ya bluu: FUNDI SIMJUI, PANCHA NA UPEPO. Alinitambua kabla sijamtambua. Alinizibia pancha, akakataa hela. Nikamuuliza kwa nini hakubaki na Juma. Alikuwa anapiga upepo, hakuacha. "Mwalimu, mama ananiita Simjui. Bibi ananiita Simjui. Mke wangu kanioa... samahani, nimemuoa, kwa jina hilo. Juma ni la kwako na shule." Halafu akaongeza, kama mtu wa biashara: "Na mteja akilisikia hili mara moja, halisahau."

Nimelifikiria jibu lile miaka yote hii. Nilichomwondolea mtoto yule kilikuwa aibu yangu mimi, ya kusimama mbele ya darasa na jina lile mdomoni.

Wengine mtaniambia nchi zilizoendelea zina sheria za majina, kwa nini sisi tusiwe nazo. Zipo, na nimezisoma kadiri mstaafu mwenye simu ya mjukuu anavyoweza. Lakini tuanze na jirani. Mwaka 1972, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mobutu aliamua kwamba mwananchi wa Zaire hana ruhusa ya jina la Kizungu. Yeye mwenyewe aliliweka kando Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Mapadri wakaonywa kwamba atakayembatiza mtoto kwa jina la Ulaya atakwenda jela miaka mitano. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga, mvutano ukafika hadi akaondoka nchini akakaa Roma kwa muda. Mtu akiona kwa juujuu atasema Mobutu alikuwa anatetea Uafrika. Mimi naona ni yule yule karani, ila huyu ana jeshi. Mmoja anafuta Pierre aweke la asili, mwingine anafuta Tabu aweke la Biblia. Katikati yuko mzazi aliyeulizwa jina la mtoto wake kisha hakusikilizwa. Na Zaire ilipokwisha, marais watatu waliofuatana wa nchi ile ni Laurent-Désiré Kabila, Joseph Kabila na Félix Tshisekedi, wote wamezaliwa kabla ya marufuku. Majina yalikaa nyumbani yakisubiri.

New Zealand nako wana sheria: jina lisitukane, lisizidi herufi 70, lisifanane na cheo. Wazazi wanaotaka kumwita mtoto King au Justice wanarudishwa. Kwa kipimo hicho Mfaume na Sultani wote wa Dar es Salaam na Tanga wangerudishwa, na Mwinyi pia, wakati sisi Mwinyi tumempa urais wa Muungano mwaka 1985, na mwanawe tukampa wa Zanzibar mwaka 2020. Lakini ipo kesi moja ya kule iliyonigusa. Mwaka 2008 ilijulikana kwamba mtoto wa miaka tisa aliitwa Talula Does The Hula From Hawaii, sentensi nzima ya kwamba Talula anacheza ngoma ya Hawaii. Mtoto mwenyewe alikuwa akiwaficha rafiki zake, anawaambia anaitwa K. Jaji alimweka chini ya ulinzi wa mahakama ili apatiwe jina jingine. Hapo sibishi. Angalieni lakini njia iliyopitwa: mtoto alikuwa na umri wa kusema, alisikilizwa, jaji akatoa sababu zake hadharani, na asiyeridhika akajua pa kwenda. Kwangu mimi kwenye ile penseli, na kwa kijana yule kwenye kompyuta yake, hapakuwa na hata kimoja cha hivyo.

Iceland ndiyo iliyonishangaza zaidi, kwa sababu mbili. Wana kamati ya majina tangu 1991, na kamati hiyo ilikataa jina la msichana mmoja, Blær, kwa hoja kwamba ni la kiume. Basi kwenye hati za serikali akawa anaandikwa "Stúlka", yaani msichana, tu. Ana miaka kumi na mitano, ana pasi, na pasi inamwita Msichana. Alikwenda mahakamani akashinda Januari 2013. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni jina lake la mwisho, Bjarkardóttir: binti wa Björk, na Björk ni mama yake. Walio wengi kule hawana jina la ukoo. Mtu ni mtoto wa baba yake, au wa mama yake, kisha basi, na mtoto wake atakuwa mtoto wa yeye. Hata kitabu cha simu walikipanga kwa jina la kwanza. Ni bin na binti, wakubwa zangu! Nchi tajiri, ina benki, ina viwanja vya ndege, na inaishi kwa mtindo wa Pangani.

Nimelitaja hilo kwa sababu kizuizi kikubwa cha majina hapa kwetu kiko kwenye vile visanduku vitatu vya fomu: jina la kwanza, la kati, la mwisho au la ukoo. Aliyeichora fomu alikuwa na ukoo. Sisi wengine tuna mababu. Mimi ni Tabu binti Hamisi, Hamisi ni mtoto wa Ali, kwa hiyo ni Tabu Hamisi Ali. Mwanangu wa kiume ni mtoto wa Saidi wa Mohamedi, kwa hiyo yeye ni fulani Saidi Mohamedi. Mtoto wake anaishia Saidi. Kila kizazi jina la mwisho linasogea hatua moja, kama watu kwenye foleni, na hakuna aliyepotea. Rais wetu ni Samia Suluhu Hassan na binti yake ni Wanu Hafidh Ameir. Hawachangii jina hata moja, na hakuna Mtanzania aliyewahi kutilia shaka kwamba ni mama na mwana. Mzee Abeid Amani Karume alimwita mwanawe Amani Abeid Karume, babu akarudi mbele, na historia haikuchanganyikiwa.

Fomu ndiyo inayochanganyikiwa. Ukiandika jina la babu wanakuambia mtoto na baba hawafanani jina la mwisho. Ukiandika la baba tu wanakuambia hayajatimia matatu. Mkwe wangu, Bakari Saidi, vyeti vyake vya shule vina majina mawili, akaambiwa mtoto wake hawezi kuwa na matatu wakati baba ana mawili. Karani alikuwa na suluhisho hapohapo: baba naye akaape kiapo, aongeze babu. Nyumba moja, viapo viwili, mtoto ana umri wa miezi miwili.

Na hapo hatujagusa tahajia. Baba yangu Hamisi kwenye cheti changu cha darasa la saba ni Hamis, kwenye cheti cha chuo cha ualimu ni Khamis, kwenye hati za mshahara ni Hamisi. Mzee yule hakujua kusoma herufi za Kirumi, aliandika kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote, na humo jina lake ni moja. Nilipostaafu mafao yangu yalikaa miezi mitano yakisubiri mtu athibitishe kwamba Hamis, Khamis na Hamisi hawakuwa wanaume watatu waliomzaa mwanamke mmoja. Wanafunzi wangu wa Shinyanga nao, kina Ng'wandu, kompyuta ikamla mmoja mmoja ile alama ya juu, wakawa Ngwandu, jina ambalo kwao halitamkiki hivyo. Tuliona vituko vyote vya aina hii mwishoni mwa 2019 na Januari 2020, laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole na watu wakakesha kwenye foleni za vitambulisho. Mzee mmoja mbele yangu aligundua siku ile, ana miaka sabini, kwamba yeye kiserikali ni mtu mwingine.

Kitu ambacho sikielewi ni hiki. Kitambulisho changu kina namba ya tarakimu 20. Ishirini! Humo imo tarehe yangu ya kuzaliwa, na nyuma yake mna vidole vyangu kumi, picha na saini. Serikali ina kila inachohitaji ili isinichanganye na Tabu mwingine yeyote kuanzia Tanga hadi Kigoma. Enzi za Mwingereza, karani mwenye kalamu ya wino na daftari kubwa, jina ndilo lililokuwa namba. Pale naelewa kwa nini alilazimisha matatu yaliyopangika. Leo kazi hiyo imechukuliwa na tarakimu. Jina limebaki na kazi yake ya asili, ya kumwambia mtoto ametoka kwa nani na siku ile kulikuwaje. Kwa nini bado tunalikata ili litoshe kwenye kisanduku?

Ninachowaomba hakihitaji bajeti. Andikeni, kwenye kanuni iliyochapishwa na kubandikwa ukutani, kwamba afisa anaandika jina kama mzazi alivyolitamka na alivyoliandika, na kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho anamsomea kwa sauti au anamgeuzia kioo aone. Yule kijana wa steshenari alifanya hivyo bila kuagizwa na mtu, kwa hofu tu ya kuharibu mali ya mteja.

Kama kuna jina ambalo kweli hamlitaki, tusi la matusi, liwe kwenye kanuni hiyo hiyo kwa maneno machache, na anayekataa aandike kwenye karatasi: nimekataa jina hili, kwa sababu hii, sahihi yangu hii. Nawahakikishia wengi watasita kushika kalamu. Neno "maana mbaya" lisiwemo, maana halina mwisho. Leo ni Tabu, kesho ni Shida, keshokutwa mtamfuata na Masumbuko.

Kisanduku cha tatu kiitwe tu jina la tatu, na kisilazimishwe. Anayetaka la ukoo aweke, anayetaka babu aweke babu, na mama asiye na mwanaume wa kumwandika asibuniwe baba wa karatasi wala asiulizwe maswali mbele ya foleni. Hamisi na Khamis vitambuliwe kuwa jina moja bila kumlipa wakili.

Na kosa likiwa la ofisi, ofisi ilirekebishe bure, dirisha lile lile. Hili la kumwapisha mzazi kwa kosa la karani sijui lilianzia wapi. Mimi darasani nikikosea kujumlisha alama za mtoto sikumtuma mzazi wake mahakamani.

Kwa mtu mzima anayelichukia jina alilopewa, mpeni njia rahisi, afike na kitambulisho chake, atamke analolitaka, aondoke nalo. Pengine Fundi Simjui angelikuwa na njia hiyo asingeitumia. Lakini ingekuwa uamuzi wake, mimi na penseli yangu tukiwa mbali.

Baadhi yenu mtasema huyu mama anakuza jambo dogo, kuna watoto wengi hawana cheti kabisa. Najua. Nimewaandikisha darasa la kwanza wasio na karatasi yoyote zaidi ya kadi ya kliniki iliyoliwa na mende. Lakini mzazi aliyesafiri na mtoto mgongoni, akapanga foleni, akalipa, kisha akarudishiwa mtoto mwenye jina la mtu mwingine, wa pili hamleti. Jirani yangu ameshaniambia hivyo kwa kinywa chake, na ana mimba ya miezi saba.

Jumatatu inayokuja tunakwenda kwa wakili, mimi, binti yangu na mkwe. Elfu thelathini za kiapo nimezitenga. Mtoto tutakwenda naye, ana miezi sita sasa, ameanza kukaa na ana meno mawili ya chini. Nimejaribu mara kadhaa, kwa utani, kumwita Tabitha nikiwa nimesimama nyuma yake. Anaendelea kutafuna kijiko chake. Nikisema "Somo!" anageuka.

Wenu mtiifu,

Tabu Hamisi Ali (Hamis, Khamis)
Mwalimu mstaafu
Pangani